Annalena wa Wajir

Mtu wa Wajir akipanda basi kwenda Nairobi, husema anakwenda Kenya. Mzaha huo ni wa zamani, na chanzo chake kimo katika sheria. Tangu 1902 serikali ya Waingereza iliyahesabu maeneo ya kaskazini ya Kenya, Wajir ikiwamo, kuwa wilaya za pembeni, na kufikia 1934 ilikuwa imekaza kamba kabisa: bila kibali huingii, bila kibali hutoki. Maafisa waliopelekwa Wajir kulinda visima walijijengea mahali pa kunywea wakapaita Royal Wajir Yacht Club, klabu ya mashua katika mji usio na mto, wala ziwa, ulio mbali na bahari kwa mamia ya kilomita. Waliucheka upweke wao. Wenyeji, waliokuwa wakiteka maji ya chumvichumvi kwa ndoo kutoka visima vya chokaa, hawakualikwa kucheka pamoja nao.

Uhuru haukulifungua lango hilo. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuwauliza wakazi iligundua kwamba Wasomali wengi wa kaskazini walitaka kuungana na Somalia. London ilisikia, kisha ikafanya lililoifaa. Ndipo vikaja vita ambavyo Nairobi iliviita vya shifta, yaani majambazi, kuanzia 1963 hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Wafugaji walisukumwa kwenye vijiji vya lazima, mifugo ikafa kwa kukosa malisho, na sheria za hali ya hatari zikabaki mkoani hadi 1991. Kwa muda wote huo askari aliweza kumkamata mtu wa Garissa, Wajir au Mandera kwa namna ambayo isingeruhusiwa Nyeri wala Kisumu.

Huko ndiko alikofika Annalena Tonelli mwaka 1970.

Alizaliwa Forlì, kaskazini ya Italia, tarehe 2 Aprili 1943. Alisoma sheria hadi shahada, lakini hakuifanya kuwa kazi yake. Kwa miaka 6 alihudumia maskini wa mji wake, na pamoja na wenzake wakaanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani. Januari 1969 aliingia Kenya, akaanza kazi ya ualimu. Hakuwa mtawa. Hakuwa na shirika nyuma yake, wala mshahara, wala bima, wala akiba ya uzeeni. Alikuwa Mkristo mlei aliyevutiwa na Charles de Foucauld, yule Mfaransa aliyeishi peke yake katikati ya Waislamu wa Sahara, na pia na Gandhi. Alitaka kuishi na watu wasio na kitu, na kupata kimya cha kusali.

Nakiri sina hamu na hadithi za Mzungu anayeshuka jangwani kuwaokoa watu. Rafu za Afrika Mashariki zimejaa vitabu vya aina hiyo, na katika vingi vyake mwenyeji ni mandhari tu. Maisha ya mwanamke huyu yanasimulika kwa sababu nyingine. Wajir ilimpinga kwanza, ikamfundisha, kisha ikamtumia. Ulipofika wakati ambapo serikali ilitaka wafu wasihesabiwe, alikuwa miongoni mwa waliowahesabu.

Miaka mingi baadaye, akitoa ushuhuda mjini Vatican mwaka 2001, alieleza jinsi alivyopokewa. Alikuwa kijana, na neno la kijana halina uzito mbele ya wazee. Alikuwa mweupe, katika jamii isiyojiona duni kwa mtu yeyote. Alikuwa Mkristo katika mji wa Waislamu. Lililokuwa zito kuliko yote, hakuwa ameolewa. Kwa Wasomali ndoa hufunga ukoo na ukoo, huleta ngamia na wajukuu, na huwapatanisha waliomwaga damu. Mwanamke mzima anayekataa kuolewa kwa hiari yake, tena akidai kwamba Mungu ndiye sababu, alikuwa kitendawili. Watu walimtazama wakisubiri aondoke.

Hakuondoka. Wanawake wengine wa kujitolea wakamfuata mmoja mmoja, na wakawa nyumba moja. Walifungua kituo cha watoto waliopooza kwa polio, vipofu, viziwi na wengine ambao familia za kuhamahama zilishindwa kuwabeba. Kando walikuwa na mahali pa mafungo, wanapokwenda kunyamaza na kusali. Kanisa lenyewe lilikuwa jambo geni katika nchi ile. Ni mwaka 1976 tu Roma ilipoitenga Garissa kuwa eneo lake la kanisa, chini ya watawa Wakapuchini, na 1984 ikawa jimbo kamili. Lakini nyumba ya Annalena haikuwa tawi la misheni. Hapakuwa na mahubiri sokoni wala mafundisho ya ubatizo. Alijifunika kichwa, akavaa mavazi yasiyomtofautisha sana na majirani, akala kidogo na kulala saa chache. Kuhusu imani yake hakuficha wala hakutangaza, na mji uliokuwa umejiandaa kumkatalia ubatizo ukakosa cha kukataa.

Kilichomfunga Wajir ni kifua kikuu.

Ugonjwa huo ulikuwa umewaenea wafugaji, nao uliogopwa kwa namna mbili. Uliua, na pia uliaibisha. Aliyekohoa damu alihesabiwa kuwa amelaaniwa, na familia yake ilijua kwamba habari zikisambaa binti zao hawataposwa. Kwa hiyo watu walikana ugonjwa hadi mwisho. Waliofikishwa hospitalini mara nyingi walikuwa mifupa mitupu, na wengine waliachwa hapo wafe. Annalena alisema baadaye kwamba wagonjwa hao ndio waliomchoma moyo na kumteka. Alianza kwa kuwaosha, kuwalisha na kukaa karibu nao usiku.

Dawa zilikuwapo. Shida ilikuwa muda. Bakteria wa kifua kikuu hukua polepole na hufa polepole, na tiba ya wakati ule ilichukua mwaka mmoja au mmoja na nusu. Mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache. Kikohozi kinapungua, uzito unarudi, naye anajiona amepona. Mkulima wa Murang'a huenda akaendelea kurudi zahanati. Mfugaji je? Mvua ikinyesha upande wa Ethiopia, familia inafumua nyumba na kufuata majani. Ngamia hawasubiri mtu amalize vidonge. Akikatiza dawa, ugonjwa unarudi, na mara nyingi unarudi ukiwa umezoea dawa zilezile. Kumlaza wodini kwa miezi kadhaa nako hakukuwezekana: alitoroka, kwa kuwa aliyezoea anga wazi huona kuta za hospitali kama kaburi.

Kufikia miaka ya 1970 majaribio ya kitabibu yaliyofanywa katika nchi za Afrika Mashariki, pamoja na watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalikuwa yameonyesha kwamba mchanganyiko wenye rifampicin unaweza kufupisha tiba hadi miezi 6. Mwaka 1976 Annalena akapewa jukumu la kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wahamaji. Swali likawa moja: utamwekaje mfugaji mahali pamoja kwa miezi 6 bila kumfunga?

Jibu lilitoka kwa Wasomali wenyewe, na hasa kwa wanawake wao. Nyumba ya mfugaji, ile ya vijiti vilivyopindwa na kufunikwa mikeka ya kusuka, ni mali ya mke. Yeye ndiye anayesuka mikeka, anayeipakia juu ya ngamia, anayeisimamisha jioni kabla ya giza na kuifumua alfajiri. Basi wagonjwa wakaambiwa waje na nyumba zao. Mbele ya kituo cha watoto walemavu kulikuwa na uwanda mtupu. Familia zikafika, wanawake wakachomeka vijiti, na kitongoji kikaota. Watu wakakiita TB Manyatta.

Mpangilio wake haukuwa na miujiza. Mgonjwa alilala kwake, kwenye mkeka wake, akipikiwa na mtu wake. Kila siku alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu, si kwa ahadi ya kwamba atazimeza baadaye. Makohozi yalipimwa. Baada ya miezi 6, akiwa amepona, mke au mama yake alifumua nyumba na safari ikaendelea. Tafakari kidogo: vitabu vya tiba huusifu mradi huo kwa usimamizi wake wa dawa, na ni haki yake, lakini bila kazi ya mikono ya wanawake wale waliosuka na kusimamisha nyumba zile, usingekuwapo mradi wa kusifiwa. Sijapata kuona majina yao yakiandikwa popote.

Wazo la kumeza dawa mbele ya shahidi halikuanzia Wajir. Madras ilikuwa imelijaribu katika miaka ya 1950. Tanzania nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, chini ya uongozi wa daktari Karel Styblo, ilijenga mpango wa kitaifa uliothibitisha kwamba nchi maskini inaweza kuponya wagonjwa wengi kwa tiba fupi inayosimamiwa. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia nzima, na muda mfupi baadaye likaufanya utaratibu wa aina hiyo kuwa sera yake kwa mataifa yote. Mchango wa Wajir ulikuwa kuonyesha kwamba hata asiye na anwani anaweza kutibiwa hadi apone.

Kazi hiyo ni ya majina. Mhudumu wa kifua kikuu hawezi kufanya kazi na umati. Lazima ajue asubuhi hii nani hajafika, ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na atafutwe kwenye kisima kipi. Kwa miaka mingi Annalena na wenzake waliijua Wajir hivyo, mtu mmoja mmoja.

Mapema mwaka 1984 kulikuwa na uhasama kati ya koo mbili za Kisomali, Wadegodia na Waajuran, na serikali ikaamua kuwapokonya Wadegodia silaha. Alfajiri ya tarehe 10 Februari wanajeshi na polisi walianza kuwazoa wanaume wa Kidegodia, mjini na vijijini. Katika mtaa wa Bulla Jogoo nyumba zilichomwa. Wanaume walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Wagalla, uwanja mdogo wa ndege ulio yapata kilomita 15 kutoka mjini. Walivuliwa nguo. Walilazwa kifudifudi juu ya changarawe katika jua la Februari, bila maji, bila chakula, siku baada ya siku. Wengine walipigwa hadi kufa, wengine walikufa kwa kiu. Walipojaribu kukimbia, walifyatuliwa risasi. Maiti zilipakiwa malorini na kutupwa porini, mbali, na baadhi ya waliotupwa nazo walikuwa bado wanapumua.

Mjini walibaki wanawake. Hao ndio waliotoka kuulizia, kutafuta, kugeuza miili ili waone sura. Annalena naye alitoka na gari kuokota majeruhi na kusaidia kuzika wafu. Alihudumia waliorudi hai, wenye ngozi iliyobabuka na vidonda vya risasi. Na akaandika majina. Orodha ya waliouawa ilianza kukusanywa, pamoja na picha, wakati serikali ingali inataka pasiwe na chochote cha kuonyesha. Vitu hivyo vilifika Nairobi mikononi mwa Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia wa Kimarekani, aliyevifikisha kwa balozi za nje. Bungeni, Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, alisimama na kudai maelezo. Waziri wa Nchi, Justus ole Tipis, akajibu kwamba waliokufa ni 57.

Kwa nini mtu angehatarisha maisha yake hivyo? Annalena alisimulia kwamba wakuu wa serikali waliomhoji, ambao wengi wao walikuwa Wakristo kama yeye, walimwambia kuwa alikuwa ameponea mitego miwili na wa tatu hangeuponea. Mmoja wao, Mkristo wa kusali, alimuuliza ni nini kilichomsukuma. Alimjibu kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya Yesu, aliyewataka wafuasi wake watoe uhai kwa ajili ya rafiki zao. Ninaipenda habari hii kwa jinsi inavyozivuruga kambi zetu za kawaida: mwanamke Mkristo anawatetea Waislamu mbele ya Wakristo wenye bunduki, na kwa maneno ya Injili ambayo waliomhoji walikuwa wakiyasikia kila Jumapili.

Mwaka 1985 alilazimika kuiacha Kenya. Nyumba aliyoianzisha haikufa, kwa kuwa haikuwa yake peke yake.

Alivuka mpaka lakini hakuwaacha Wasomali. Alifanya kazi Beledweyne, kisha Mogadishu na Merka, na dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 alikuwa humo ndani, akitibu kifua kikuu na kulisha wenye njaa huku mitaa ikibadilisha wababe wa vita. Aliondoka Merka, na daktari Graziella Fumagalli, Mtaliano mwenzake aliyechukua kazi ya hospitali ile ya kifua kikuu, akapigwa risasi na kuuawa Oktoba 1995. Mwaka uliofuata Annalena alianza upya Borama, magharibi ya Somaliland. Huko hospitali yake ilifikia vitanda 250. Alifungua shule ya watoto viziwi, akaleta madaktari wa macho, akaungana na wanawake waliopinga ukeketaji, na wagonjwa wakawekewa masomo ya kusoma na kuandika pamoja na ya Kurani. Alipoanza kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi, baadhi ya watu wa mji waliandamana na kuirushia hospitali mawe. Hofu ileile ya Wajir ya 1970 ilikuwa imepata ugonjwa mpya.

Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimpa Tuzo ya Nansen. Jioni ya tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi ya kichwa katika eneo la hospitali. Alikuwa na miaka 60. Wiki mbili baadaye walimu wawili Waingereza, mume na mke, waliuawa katika shule ya Sheikh, Somaliland hiyohiyo.

Wajir, kwa upande wake, iliingia katika miaka ya 1990 ikiwa na wajane wengi na ukame mkali, halafu vita vya koo vikapamba moto. Soko likagawanyika: mwanamke wa ukoo huu hakuuziwa maziwa na wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alikuwa miongoni mwa wanawake waliosema imetosha. Walianza na soko lenyewe. Walisimama ndani yake kuhakikisha kila mmoja ananunua na kuuza bila kuulizwa babu yake ni nani, kisha wakawaendea wazee, ambao hawakuzoea kuamriwa na wanawake vijana. Azimio la Al-Fatah la Septemba 1993 lilitokana na msukumo huo. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Ulimwengu ulimwita mpatanishi wa kimataifa. Alifunzwa kazi hiyo mbele ya mizigo ya maziwa na miraa.

Mwaka huohuo wa 2007 S. Abdi Sheikh alichapisha kitabu kizima kuhusu Wagalla. Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Wajir kusikiliza mashahidi. Ilikuja na kasoro yake yenyewe: mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, alikuwa amelazimika kukaa pembeni, kwa kuwa mwaka 1984, akiwa katibu mkuu katika Wizara ya Mambo ya Nje, alikuwa katika ujumbe wa maafisa wa usalama waliofika Wajir siku mbili kabla ya operesheni kuanza. Alikana kwamba mauaji yalijadiliwa. Vikao viliendelea bila yeye. Tume ilikuwa imetenga vikao vya wanawake peke yao, na wanawake wakaeleza mambo ambayo hotuba za wanasiasa kuhusu Wagalla hazikuwahi kuyagusa: kubakwa wakati waume zao wakiwa uwanjani, nyumba kuchomwa, mifugo kutoweka, watoto kuacha shule ili wafanye kazi, kulea peke yako kwa miaka 27 bila cheti cha kifo kwa sababu serikali haikubali kwamba mumeo amekufa.

Julai mwaka huohuo Dekha Ibrahim alifariki baada ya ajali ya gari. Ripoti ya tume ilitoka Mei 2013 na kuweka idadi ya waliouawa Wagalla karibu na 1,000. Wapo manusura wanaosema walikuwa wengi kuliko hao, mara kadhaa. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za serikali zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Rasimu ya kanuni za kuugawa ikaandikwa, na miaka ikapita wajane wa Bulla Jogoo wakiendelea kuuliza ni ofisi ipi wapeleke majina.